Chelsea imepanda mnazi, inataka kuvuna kama mchicha

Kama wewe ni shabiki wa Chelsea, mwaka 2026 umeanza na habari uliyoizoea. Januari 1, Enzo Maresca ameachana na klabu. Siku chache baadaye akatangazwa Liam Rosenior kutoka Strasbourg, timu ya Ufaransa iliyo chini ya wamiliki walewale wa Chelsea. Amesaini mpaka 2032.

Mpaka 2032! Swali ni moja tu: nani anaamini atafika?

Usicheke. Graham Potter naye alipewa mkataba wa miaka mitano Septemba 2022. Aprili 2, 2023 kibarua kikaota nyasi, hata miezi saba haijatimia.

Makocha watano, miaka haijafika minne

Kundi la Todd Boehly na Clearlake Capital liliinunua Chelsea Mei 2022. Lilimkuta Thomas Tuchel, likamtimua Septemba. Akaja Potter, kisha Mauricio Pochettino, kisha Maresca, na Januari 2026 Rosenior. Hapo hatujamhesabu Frank Lampard aliyeshika timu kwa muda.

Maresca hakuondoka mikono mitupu. Msimu wa 2024/25 alimaliza nafasi ya nne kwenye ligi na kubeba Conference League. Julai akachukua Kombe la Dunia la Klabu kwa kuichapa PSG 3-0. Ni kweli Desemba ilikuwa mbaya kwake, na maelewano na mabosi yalishaharibika. Lakini kama kocha mwenye makombe mawili ndani ya mwaka mmoja hamalizi msimu wake wa pili, nani atamaliza?

Mbona Abramovich alifukuza na akabeba makombe?

Hii ndiyo hoja ya wanaosema uvumilivu ni porojo, na ina uzito. Roman Abramovich alibadilisha makocha kama soksi. Machi 2012 alimfukuza Andre Villas-Boas, Mei Roberto Di Matteo akabeba Ligi ya Mabingwa Ulaya. Januari 2021 alimfukuza Lampard, Mei Tuchel akalibeba tena.

Lakini angalia nani alikuwa uwanjani. Di Matteo alikuwa na Petr Cech, Ashley Cole, Lampard na Didier Drogba. Tuchel alikuwa na Thiago Silva, Cesar Azpilicueta, N'Golo Kante na Jorginho. Wale ni watu wazima wa mpira. Kocha akiondoka leo, kesho wanajipanga wenyewe.

Chelsea ya sasa imejengwa tofauti. Januari 2023 ilimsajili Enzo Fernandez kwa zaidi ya Pauni 100 milioni, akiwa na miaka 22, kwa mkataba wa miaka nane na nusu. Mykhailo Mudryk naye alipewa muda kama huohuo. Sera ni kununua vijana na kuwasubiri wakue.

Sasa kijana huyo kila mwaka anapewa mwalimu mpya na mfumo mpya. Lini atakomaa? Mchezaji anapewa miaka minane, kocha anapewa miezi. Hapo ndipo hesabu inapogoma.

Arsenal ilikomaa, United ilichelewa

Mikel Arteta alimaliza nafasi ya nane mara mbili mfululizo, 2020 na 2021. Msimu wa 2021/22 ulianza kwa kufungwa mechi tatu za kwanza za ligi. Arsenal ikakomaa naye. Baadaye ikamaliza ya pili misimu mitatu mfululizo. Ubingwa wa ligi haukuja kwenye misimu hiyo, lakini timu inaeleweka inacheza nini.

Ila kusubiri tu hakutoshi. Manchester United ilimwongezea mkataba Erik ten Hag Julai 2024, baada ya kutwaa Kombe la FA. Oktoba 28 mwaka huohuo ikamfukuza. Ule haukuwa uvumilivu, ulikuwa uoga wa kuamua.

Tofauti iko kwenye dalili. Vijana wanakua? Timu ina mfumo unaoonekana hata siku inayofungwa? Kocha na mabosi wanataka kitu kimoja? Majibu yakiwa ndiyo, nafasi ya sita isikutoe jasho. Yakiwa hapana, hata kombe halitaficha.

Kwa Rosenior, mabosi ndio wako kwenye mtihani

Alipoteuliwa Januari 2026 alikuwa na miaka 41 na hakuwa amewahi kuwa kocha mkuu kwenye Ligi Kuu England. Atakosea. Waliomleta wanalijua hilo, wamemwangalia Strasbourg kwa karibu. Wakimtimua mapema kwa sababu ya ugeni, wa kuulizwa ni wao waliomchagua, si yeye.

Fedha imenunua wachezaji na itanunua wengine. Muda haununuliki dirisha la Januari. Mkataba wa 2032 ni karatasi tu mpaka siku Chelsea itakapofungwa mechi tatu mfululizo. Hapo ndipo tutajua kama wanamaanisha.