Alijiuzulu kwa Ajili Yetu, Sisi Tumekumbuka Nini?

Mzee Ali Hassan Mwinyi alipofariki dunia tarehe 29 Februari 2024, akiwa na umri wa miaka 98, redio zilisimulia kutwa nzima jinsi alivyowahi kuachia uwaziri wa Mambo ya Ndani kwa makosa ambayo hakuyatenda kwa mkono wake. Waombolezaji wakasema huo ndio uungwana. Hawakukosea. Ila wengi waliishia hapo. Makosa yenyewe yalitendwa wapi, na nani alitendewa, hawakugusa. Yalitendwa huku kwetu. Waliotendewa ni baba, mama na babu zetu. Ndiyo maana nawaandikia ninyi ndugu zangu wa Kishapu, Kahama, Shinyanga Vijijini, Geita, Bukombe na Mbogwe: habari hii ni yenu kabla haijawa ya taifa.

Kwa walio vijana, ilikuwa hivi. Mwaka 1976 Geita ilikuwa wilaya ndani ya Mkoa wa Mwanza (ninyi wa Geita, mkoa wenu mmeupata mwaka 2012 tu). Mauaji ya wazee waliodhaniwa kuwa wachawi yalikuwa yamezidi Usukumani, na serikali ikaagiza yakomeshwe. Polisi na maofisa wa usalama wakaingia vijijini, wakakamata watu kwa wingi, wakawatesa ili wakiri. Baadhi ya waliokamatwa walifia mikononi mwao. Serikali iliyokuja kuzuia mauaji ikawa nayo imeua.

Januari 1977 Mwinyi alijiuzulu. Waziri mwenzake, Peter Siyovelwa, naye akaondoka, pamoja na wakuu wa mikoa, Peter Kisumo wa Mwanza na Marco Mabawa wa Shinyanga. Baadaye baadhi ya maofisa walifikishwa mahakamani na kufungwa. Pima uzito wa jambo hilo kwa macho ya leo: mawaziri wawili na wakuu wa mikoa wawili wanaachia ngazi kwa sababu wanakijiji, wengi wao wasiojua kusoma, wameteswa mahabusu.

Mwinyi akapelekwa Misri kuwa balozi. Wengi wangedhani amekwisha. Lakini Januari 1984 Aboud Jumbe alijiuzulu urais wa Zanzibar, na Mwinyi akashika nafasi hiyo. Aprili mwaka uleule Edward Sokoine, ambaye watu wengi walimwona kuwa ndiye mrithi wa Mwalimu, akafa katika ajali ya gari. Mwaka 1985 Mwalimu Nyerere alipong'atuka, majina yaliyozungumzwa ndani ya chama yalikuwa ya Salim Ahmed Salim, Rashidi Kawawa na huyu aliyewahi kujiuzulu. Akapita yeye. Sisemi alipewa urais kwa sababu ya kujiuzulu. Hesabu za Muungano zilikuwa na uzito wake, na mizengwe ya vikao haikuanza leo. Ninachosema ni kwamba kujiuzulu hakukumzika. Anayewaambia kiongozi akiwajibika ndio mwisho wake, mkumbusheni habari hiyo.

Urais wake wa miaka kumi tunaujua kwa mengine: maduka yaliyopata bidhaa tena, vyama vingi vya siasa mwaka 1992, vijana waliomiminika kwenye maduara ya dhahabu ya Geita na Kahama. Mimi ningependa tulitaje zaidi lile lisilotajwa. Mwaka 1986 ulianza mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliowarudisha wakulima kwenye ngitili zao, yale malisho yanayofungwa ili majani na miti viote tena. Miti ilikuwa imekatwa miaka mingi, mingine kwa ajili ya kufukuza mbung'o, mingine kupisha pamba, mpaka nchi ikabaki uwazi mtupu.

Na hapo ndipo ukosefu wa kuni unapokutana na mauaji. Ingia jikoni kwa bibi yeyote kijijini ambako hakuna kuni. Chumba hakina dirisha. Mafiga matatu, chini yake mabua ya pamba na kinyesi cha ng'ombe kilichokauka. Moshi unapanda mpaka darini, unarudi, unamkuta amejiinamia anapuliza. Miaka arobaini ya kupuliza hivyo humfanya mtu awe na macho mekundu. Kisha mtoto wa jirani anaugua, mtu anakwenda kwa mpiga ramli, na macho yale yanageuzwa kuwa ushahidi. Mara nyingi nyuma ya ramli kuna shamba: mjane ana eka zake, na kuna anayezitaka.

Kujiuzulu kwa mwaka 1977 hakukukomesha hayo. Vikongwe waliendelea kukatwa mapanga usiku, na tangu mwaka 2007 tukayaona mauaji ya watu wenye ualbino, yakisukumwa na uongo kwamba viungo vyao huleta bahati ya samaki na ya dhahabu. Januari 2015 serikali ilipiga marufuku waganga wapiga ramli. Lakini mganga hajitangazi redioni; anafuatwa na sisi wenyewe. Anayemfuata ana jirani, ana shemeji, ana wenzake kwenye duara au kwenye karasha la kusagia mawe ya dhahabu, na wao wanajua. Waziri alijiuzulu kwa yaliyofanywa na walio chini yake. Jirani aliyesikia panga likinolewa akanyamaza, yeye aliwajibika wapi?

Kwa hiyo nawaomba haya, na la kwanza ni la wanaotafuta vyeo. Iwe ni uenyekiti wa kitongoji, udiwani au ubunge, mgombea akimaliza kuahidi barabara na zahanati, mtu mmoja asimame amwulize: watu walio chini yako wakimpiga mtuhumiwa mpaka afe, au wakizila fedha za kijiji zilizotoka mgodini, wewe utafanya nini siku inayofuata? Msikubali jibu la tume. Mwulizeni mbele za watu, na jibu liandikwe. Sheria inautaka mkutano mkuu wa kijiji ukae kila baada ya miezi mitatu. Kijiji ambacho hakijakaa mwaka mzima kimeshajibiwa swali hilo.

La pili ni la nyumbani. Ukisikia jina la bibi limetajwa kwenye ramli, usingoje uhakika. Siku hiyohiyo nenda kwa mwenyekiti wa kitongoji na kwa mtendaji, mwambie na mchungaji au shehe, bibi ahamishwe alale kwa ndugu, na aliyelitaja jina ajue kwamba kijiji kizima kinamwangalia. Ninyi wa sungusungu, mliosifiwa kwa kukomesha wizi wa ng'ombe, hii ni kazi yenu pia. Na bibi atobolewe dirisha jikoni. Ni nusu siku ya kazi kwa vijana wawili.

La tatu ndilo lililonifanya nikae niandike. Mimi katika kutembea kwangu sijaona mahali palipoandikwa majina ya waliofia mahabusu mwaka 1976. Jina la aliyejiuzulu tunalo, la aliyefanya ajiuzulu hatuna. Wazee waliokamatwa wakapona, na wajane wa wasiopona, bado wapo wachache. Walimu wa historia wa shule zetu za kata, wapeni wanafunzi daftari na likizo moja waende kwao. Waulize aliyekamatwa alichukuliwa siku gani, alifungiwa wapi, nani alirudi na nani hakurudi, mwili uliletwa au haukuletwa. Wasilazimishe; mwingine atataka kulia tu, wakae naye. Anayesimulia kwa Kisukuma aandikwe kwa Kisukuma, nakala moja ibaki shuleni na nyingine kwa familia. Waanze na wenye umri wa miaka themanini kwenda juu, na waanze likizo hii.