Ufadhili wa Masomo Uanzie Kijijini

Mzazi wa Ndama, wilayani Karagwe, halipi tena ada ya shule ya sekondari ya Serikali. Ada iliondolewa Januari 2016 kwa kidato cha kwanza hadi cha nne, na mwaka 2022 ikafuata ile ya kidato cha tano na cha sita. Hilo ni jambo kubwa, hasa kwa wanaokumbuka kwamba ada ya sekondari iliwahi kufutwa mwaka 1964, kisha ikarudishwa katikati ya miaka ya 1980 uchumi ulipokuwa taabani. Lakini ada na gharama si kitu kimoja. Kijana aliyechaguliwa kuingia kidato cha tano katika shule ya bweni ya mkoa wa mbali hupokea fomu ya kujiunga yenye orodha ndefu: godoro, mashuka, sare, madaftari, ndoo, jembe. Nauli ni juu yake. Fomu hiyo haiulizi kama baba yake yu hai.

Fedha hizo hapana budi zitoke katika kahawa, na hapo ndipo penye kitendawili. Shule hufunguliwa Januari, nayo kahawa ya Karagwe huvunwa kuanzia takriban mwezi Mei. Mkulima asiye na akiba huwa amekwisha kuiuza ingali maua mtini, kwa bei ya kutupa, kwa mtu mwenye fedha taslimu. Wenyeji huuita mtindo huo butura. Viongozi wameukemea mara nyingi, na ni haki yao kuukemea. Ila ni wachache waliouliza ni haja gani inayomfanya mtu mzima mwenye akili zake auze maua. Shule ni mojawapo ya haja hizo. Basi Julai inapofika, mwezi wa kuanza kidato cha tano, ambapo nyumbani pangepaswa kuwa na fedha, kahawa iliyoanikwa uani si mali ya baba tena.

Msaada wa Taifa upo, bali kwa sehemu kubwa umewekwa mwisho wa safari. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, ilikusudiwa kumpokea kijana anayeingia chuoni. Ufadhili wa Samia, ulioanza mwaka 2022, huwaendea waliofaulu vizuri zaidi masomo ya sayansi katika mtihani wa kidato cha sita. Yote mawili ni mema. Walakini mtoto wa maskini aliyebaki nyumbani baada ya kidato cha nne hayumo katika daftari la yeyote, wala hahesabiwi kuwa amenyimwa, kwa kuwa hakufika mahali pa kuomba.

Karagwe ina historia yake katika jambo hili. Wamisionari walijenga Kashozi, jirani na Bukoba, mwaka 1892, na elimu ikastawi kando ya ziwa muda mrefu kabla ya kuenea Karagwe. Katika miaka ya 1970, nafasi za sekondari zilipogawanywa kimkoa ili walio nyuma wasiachwe, Mkoa wa Ziwa Magharibi, ambao tangu 1979 unaitwa Kagera, ulihesabiwa miongoni mwa mikoa iliyotangulia. Mtoto wa Mnyambo akapimwa kwa kibaba kimoja na mtoto wa mjini Bukoba. Wastani wa mkoa huificha wilaya, na wa wilaya huificha kata. Kaya haionekani kabisa kutoka Dodoma.

Wanaoiona kaya ni wanakijiji. TASAF ilipoandikisha kaya maskini, majina yalijadiliwa katika mikutano ya vijiji. Makosa yalitokea, na baadaye kaya zisizostahili zikaondolewa. Hata hivyo njia hiyo ni ya haki kuliko orodha inayofungwa ofisini na kufunguliwa ikiwa na jina la mpwa wa mkubwa. Halmashauri hukusanya ushuru wa kahawa. Itenge sehemu yake inayojulikana na kutangazwa kwa ajili ya nauli, magodoro na sare za vijana waliotajwa na mkutano mkuu wa kijiji, na vifaa vinunuliwe na kukabidhiwa hadharani.

Wako watakaosema kwamba baadhi ya wazazi hunywa fedha ya kahawa katika rubisi. Ni kweli, wapo. Lakini mtoto hakunywa. Watumishi na walimu waliosoma kwa mkopo, wanaokatwa asilimia 15 ya mshahara kila mwezi kuulipa, wanajua vizuri kwamba hakuna mwanafunzi asomaye kwa fedha zake mwenyewe.

Kazi yenyewe haina haja ya tume. Matokeo ya kidato cha nne hutoka Januari, na mwalimu wa darasa huwajua waliofaulu ambao nyumbani kwao hakuna kitu. Mkutano wa kijiji wa mwezi Machi ungeweza kulithibitisha kila jina, na orodha ikawa mezani kwa Mkurugenzi wa Halmashauri kabla uchaguzi wa kidato cha tano haujatangazwa. Orodha inayoanza kutafutwa Julai humkuta kijana yuko Kayanga, anaendesha bodaboda ya mtu.