Maradhi ya Ateri: Ufa Hutangulia Kuziba

Ni desturi yetu kusema kwamba mishipa ya damu ya fulani "imeziba". Kauli hii husikika hospitalini, matangani na redioni, nayo imekita mizizi kiasi kwamba aghalabu hakuna anayeihoji. Makala haya yanashikilia kwamba kauli hiyo, ingawa si uongo mtupu, inapotosha. Isitoshe, uchanganuzi wa protini, taaluma ambayo wengi wetu tulio wanafunzi wa Kiswahili tunadhani haituhusu, ndio unaotuonyesha inapopotosha.

Kwanza, tuitazame picha iliyomo katika neno "kuziba". Ni picha ya bomba la maji: taka hujilundika ndani, njia hufinyika, maji hukatika. Anayeiamini picha hii huamini mambo mawili. Mosi, kwamba maadamu hahisi maumivu, bomba lake li wazi. Pili, kwamba akiisha kuzibuliwa mshipa wa moyo, amepona. Imani zote mbili ni za hatari, kwani zaweza kumfanya mgonjwa aache dawa za shinikizo la damu na za kolesteroli ilhali angali anazihitaji.

Ukweli ni kwamba uvimbe huo, ambao wataalamu huuita plaki, haugandi juu ya ukuta wa ateri kama taka za bomba. Hukua ndani ya ukuta wenyewe. Felix Marchand, mwanapatholojia wa Ujerumani aliyebuni jina la kimataifa la maradhi haya mwaka 1904, aliliunda kwa maneno mawili ya Kigiriki: moja lenye maana ya uji, jingine ugumu. Aliteua vyema. Ndani ya plaki mna kiini laini cha mafuta na seli zilizokufa, na juu yake pana kifuniko kigumu. Kifuniko kikipasuka, uji ule hukutana na damu, damu huganda ghafla, na hapo ndipo njia huziba. Mara nyingi plaki inayopasuka haikuwa imeifinya njia sana. Hivyo basi, ufa hutangulia, kuziba hufuata.

Je, kwa nini kifuniko kimoja kipasuke na kingine kidumu miaka na mikaka? Jibu limo katika protini. Kifuniko hushikiliwa na nyuzi za kolajeni, protini ile ile inayozipa kano nguvu. Seli za misuli laini huziunda nyuzi hizo; makrofaji, yaani seli za kinga zilizokuja kuyala mafuta, hutoa vimeng'enya vinavyozikatakata. Kipimo cha kolesteroli, licha ya umuhimu wake mkubwa, hakielezi ni upande upi unaoshinda.

Ndiposa watafiti huchukua plaki zilizotolewa kwa upasuaji, hasa katika ateri za shingo, wakazikata protini zake vipande vipande kwa kimeng'enya cha tripsini, kisha wakavitambua vipande hivyo kwa mashine inayopima uzito wa molekuli. John Fenn wa Marekani na Koichi Tanaka wa Japani walikuwa miongoni mwa waliotunukiwa Nobeli ya kemia mwaka 2002, kwa kuwezesha molekuli kubwa kama protini kupimwa kwa njia hii. Mwaka uo huo, mjini Utrecht, Uholanzi, watafiti walianza kuhifadhi plaki za wagonjwa na kufuatilia hali zao baada ya upasuaji. Mwaka 2010 walieleza kwamba wagonjwa ambao plaki zao zilikuwa na protini nyingi iitwayo osteopontini walikabiliwa na hatari kubwa zaidi ya kupatwa na madhara mengine ya moyo na mishipa baadaye. Tutanabahi: plaki iliyopimwa ilikuwa imekwisha kuondolewa! Bomba lilikuwa limezibuliwa, maradhi yakabaki.

Wapo watakaodai kwamba vipimo hivi ni ghali na kwamba havihusiani na mwananchi wa kawaida. Ni kweli kwamba kazi ni ngumu. Protini za plaki zikiingia katika damu, huzama katika bahari ya albumini, ambayo peke yake ni takriban nusu ya protini zote za plazima. Kuzinasa si lelemama. Hata hivyo, hoja yetu haingoji mashine ifike kila zahanati. Maarifa yaliyokwisha kupatikana yanatosha kuisahihisha lugha, na lugha haina gharama ya maabara.

Hapa ndipo wajibu wetu ulipo, wasomi wenzangu. Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya Kenya pamoja na Kiingereza. Hadhi hiyo itakuwa ya karatasini tu iwapo mgonjwa anayeelezwa maradhi yake kwa Kiswahili atapewa picha iliyopitwa na wakati, ilhali anayeelezwa kwa Kiingereza anapewa iliyo sahihi. Tunapofasiri vijitabu vya afya, tunapotangaza redioni na tunapowatafsiria wazee wetu maneno ya daktari, tuseme "maradhi ya kuta za ateri". Tuseme kwamba plaki "imepasuka". Na aliyezibuliwa mshipa tumwambie waziwazi: pamefunguliwa mahali pamoja, lakini kuta nyingine zote zingali zinahitaji dawa, lishe bora, mazoezi na kuepukana na sigara.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika methali hiyo, ufa ndio maradhi na kuziba ndiyo tiba. Sisi, katika mazungumzo yetu kuhusu moyo, tumeyageuza maneno hayo kichwa chini miguu juu. Wakati umewadia wa kuyarejesha mahali pake.