Fyekeo la Waliochelewa

Nilikuwa kidato cha pili, Tanga. Ndani ya darasa mwalimu wa Bayolojia aliandika ubaoni maana ya bioanuwai kwa Kiingereza, nasi tukanakili neno kwa neno, kwa kuwa ndivyo ingeulizwa kwenye mtihani. Nje ya dirisha, wenzetu waliochelewa namba walikuwa wanafyeka. Kila mmoja alipimiwa eneo lake, na adhabu haikuisha mpaka ubaki udongo mtupu. Hatukuona ajabu yoyote.

Likizo ile nilikwenda kwa bibi, Muheza. Nikaamka alfajiri, nikashika jembe, nikasafisha kishamba chake cha nyuma ya jiko hadi kikang'aa. Nilitaka sifa. Bibi akatoka, akatazama kimya, kisha akasema, "Mume wangu, umeng'oa mboga."

Nilichokiona magugu kilikuwa mnavu na mgagani. Mashina machache ya mgagani alikuwa ameyaacha yakomae ili apate mbegu za masika. Hakunigombeza. Alinituma kwa jirani kuomba mbegu, na jirani naye alikuwa ameacha kuupanda siku nyingi. Mwaka ule hatukula mgagani.

Nilikuwa mwanafunzi mzuri, na hapo ndipo penye tatizo. Daftari liliniambia wingi wa viumbe ni utajiri. Fyekeo liliniambia ardhi safi ni ardhi tupu. Nilifaulu somo la daftari, nikaishi kwa somo la fyekeo.

Kwa hiyo nasema: tuache kufundisha bioanuwai kwa kunakilisha. Wanafunzi wapewe kiwanja, wakae na watu wa mtaa, waibuni bustani wenyewe. Najua mtasema bustani za shule zipo. Zipo. Kuna ya bogenvilia na mawe yaliyopakwa chokaa, ya kumpendeza mgeni rasmi. Kuna ya mradi, yenye kibao cha mfadhili kilichodumu kuliko miche. Katika zote mbili mchoro ulitoka ofisini, mwanafunzi akakabidhiwa ndoo. Kiangazi kikija bustani inakufa, wala hakuna anayeililia, maana hakuna aliyeichagua.

Kuchora bila kuuliza kuna gharama, na sisi wa Tanga tunaiona milimani. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti Amani, Usambara Mashariki, wakapanda mimea ya pande nyingi za dunia kuipima kwa faida ya koloni. Kati ya miti iliyoingizwa huko enzi za ukoloni ni musizi. Hondohondo wakapenda matunda yake, wakasambaza mbegu msituni, na kila palipokatwa miti musizi ukaota upesi kuliko wenyeji. Wapandaji walikuwa wataalamu wenye maabara. Mchoro wao haukuwa na hondohondo.

Sisemi cha kigeni kifukuzwe. Mahindi na mihogo vilitoka Amerika, na sufuria ya bibi haikuwahi kuviuliza pasipoti. Ninachodai ni swali liulizwe kabla ya jembe: hapa pana nini, na nani anakitegemea?

Swali hilo mtoto wa kidato cha pili analiweza. Azungushe kamba kwenye mraba wa hatua moja, ahesabu aina za mimea na wadudu. Aende na orodha kwa wazee wa mtaa, aulize jina la kila kimoja na kazi yake. Kisha wabishane. Mama lishe atataka mchicha karibu na bomba. Mwalimu mkuu atataka mistari. Mwanafunzi mmoja atataka maboga, na hapo somo litaanza lenyewe: ua dume la boga liko mbali na ua jike, lazima nyuki apeleke chavua. Nyuki naye anahitaji maua mengine kabla boga halijachanua. Basi ile kona ya "magugu" ibaki, na dawa ya wadudu isipulizwe asubuhi maua yakiwa wazi. Aliyeshinda ubishi huo hana haja ya kukariri maana ya kutegemeana.

Wapo watakaosema nyasi huleta nyoka na malaria. Nyoka ni hoja ya kweli. Njia zifyekwe, na kona ya nyasi iwe mbali na madarasa. Malaria si hoja: mbu wake hutaga kwenye maji yaliyotuama, kwa hiyo kafukieni dimbwi la bombani. Wengine watasema muda hautoshi, mtihani unakaribia. Muda wa kufyeka kila asubuhi ulipatikana wapi?

Bibi hayupo tena. Mgagani niliupata sokoni, nimeupanda kwenye ndoo ya rangi kibarazani, na sina namna ya kujua kama ni ule wake. Mbegu ile haikuuliwa na ukame wala na kampuni. Niliiua mimi, kwa bidii ya shuleni.

Walimu wangu, kesho asubuhi kabla ya kumpa aliyechelewa fyekeo, muulizeni anakwenda kukata nini. Akishindwa kutaja majina matatu, fyekeo lirudi stoo, na nyote wawili mkamtafute bibi wa mtaani wa kuwafundisha.