Joto la maji nalo lipimwe

KILA samaki wanapoadimika katika Ziwa George na Ziwa Edward, lawama huangukia nyavu haramu. Mvuvi wa Katwe au Hamukungu hunyang'anywa zana zake, nyavu huchomwa moto, na akina mama wanaouza samaki katika soko la Mpondwe, karibu na Bwera, huambiwa wavumilie.

Hatupingi vita dhidi ya uvuvi haramu. Nyavu zenye matundu madogo huvua samaki kabla hawajazaa. Lakini yupo mwizi mwingine ambaye hakuna askari awezaye kumkamata, naye ni joto la maji.

Maji yakipata joto hupungukiwa na hewa inayovutwa na samaki. Katika ziwa lenye kina kirefu, maji ya moto hukaa juu ya yale ya baridi, na rutuba iliyo chini hushindwa kupanda kulisha mimea midogo ambayo ndiyo msingi wa chakula cha samaki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 kuhusu Ziwa Tanganyika ulikadiria kuwa hali hiyo imepunguza mimea hiyo kwa asilimia 20 hivi, jambo linaloweza kupunguza samaki kwa asilimia 30.

Ziwa Edward, ambalo upande wa Kongo lina kina cha zaidi ya meta 100, linastahili kuangaliwa kwa jicho hilohilo. Ziwa George ni tofauti, kwani kina chake hakifiki wastani wa meta tatu. Mchana wa jua kali maji yake ya juu hupata joto sana, na usiku hupoa na kuchanganyika. Dhoruba ikivuruga tope la chini lisilo na hewa, samaki huweza kufa kwa wingi. Kambare na kamongo, wanaoweza kuvuta hewa ya juu, huponea. Ngege hana uwezo huo. Tope lenyewe huongezeka kila Mto Nyamwamba unapofurika, kama ulivyofanya mwaka 2013 na 2020.

Joto basi lisiwe kisingizio cha kurudisha nyavu haramu. Samaki aliyedhoofishwa na maji hawezi kustahimili pia kuvuliwa watoto wake.

Tunaiomba Serikali ihakikishe joto na hewa ya maji vinapimwa kila siku katika mialo ya Kasese, wavuvi wenyewe wakifundishwa kazi hiyo. Matokeo yatangazwe kwa Lukonzo na Kiswahili, na Kongo ishirikishwe, kwa kuwa samaki wa Ziwa Edward hawajui mpaka. Mazalia na kingo za mito navyo vilindwe.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mama wa Mpondwe ambaye meza yake ni tupu ana haki ya kujua ni nini hasa kilichomnyima samaki.