UBWANA USIINGIE KWA MLANGO WA MAPENZI

Ndugu wanachama, sisi tulikataa kutawaliwa na mgeni. Je, tumkubalie kijana wa miaka 19 amtawale binti wa shule kwa jina la mapenzi? Twasema hapana, tena hapana kabisa.

Jambo hili lipo hapa kwetu, toka Kijenge na Sakina mjini Arusha mpaka Tengeru, Usa River na vijiji vya mlimani Meru. Binti ana mwendo mrefu kwenda shule. Mwenye pikipiki humpa lifti leo, kesho chipsi, kesho kutwa vocha ya simu. Kisha huja na madai yake kana kwamba amemnunua. Akikataliwa hutukana, hutisha, hupiga. Wala wakosaji si wenye pikipiki peke yao; wamo wanafunzi wenzake, na wamo watu wazima wenye heshima zao mtaani.

Dalili ya mvua ni mawingu. Mvulana akitaka kila saa kujua binti yuko wapi na nani, akimnyang'anya simu asome habari zake, akimkataza rafiki zake, akimtisha kwamba atatangaza picha zake, au akisema atajiua akiachwa, hayo ndiyo mawingu. Leo hupiga kofi, kesho huomba radhi na kuleta zawadi, na wiki ijayo hupiga tena. Mzazi naye aangalie: binti aliyekuwa mchangamfu akawa kimya, akaogopa simu ikilia, akavaa sweta jua kali ili kuficha alama, huyo ana jambo. Aulizwe kwa upole, wala asikaripiwe.

Wako wasemao kwamba wivu ndio mapenzi, na asiyepiga hapendi. Huo ni uongo mkubwa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 66, yasema kwamba mume hana haki ya kumpiga mkewe, wala mke mumewe. Basi ikiwa mwenye ndoa amenyimwa fimbo, huyu asiye na ndoa ameipata wapi?

Tena hasara yake si ndogo. Uchunguzi uliofanywa nchini mwaka 2009 kwa vijana wa miaka 13 hadi 24 ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 katika kila 10, na mvulana 1 katika kila 7, walitendewa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Si wote waliotendewa na wapenzi wao, lakini hesabu hiyo yatosha kumkosesha usingizi kila mzazi.

Lakini ubaya unaotuudhi kupita wote ni ule wa kumalizana nyumbani. Binti ameumizwa, wazee wa pande mbili hukutana, mbuzi hutolewa au fedha, na neno hufunikwa ili ukoo usiaibike. Fedha huingia mfukoni mwa baba, na maumivu hubaki kwa mtoto. Ndugu zetu wa Meru, hii si desturi ya mashujaa wenu! Mwaka 1951 serikali ya mkoloni iliwafukuza watu wapatao 3,000 kutoka Ngare Nanyuki ili ardhi yao wapewe walowezi. Wameru hawakuificha dhuluma hiyo. Walichanga fedha zao, na mwaka 1952 Ndugu Kirilo Japhet akafika Umoja wa Mataifa, New York, akaishitaki mbele ya dunia. Watu waliopeleka shauri la ardhi mpaka New York watashindwaje kupeleka shauri la binti yao mpaka polisi Usa River?

Njia ipo. Polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto, na simu namba 116 hupokea habari za watoto bila malipo. Tangu mwaka 2016 sheria yatoa kifungo cha miaka 30 kwa ampaye mimba mwanafunzi, na tangu Novemba 2021 binti aliyezaa ana ruhusa ya kurudi shuleni. Mzazi asimfukuze nyumbani mtoto ambaye shule imempokea.

Nasi wanachama tuna kazi yetu. Balozi wa shina asiwe shahidi wa mbuzi. Akina mama wazungumze na binti zao mapema, kabla mvulana hajawatangulia. Na wazee, mnapowafunda vijana wakati wa jando, wafundisheni kwamba kumpiga msichana si ushujaa. Mwanamume ni yule ambaye, akiambiwa hapana, huaga kwa adabu akaenda zake.

Mficha uchi hazai. Tukiendelea kuficha, tutalea vijana wa kiume wawe mabwana wadogo, na mabinti wawe watumwa wao. Uhuru tulioupigania haukuwa wa nusu ya taifa.