Usichekeche unga wenye wadudu ukaurudisha sokoni

Leo nina neno, na najua wengine halitawapendeza.

Kila masika ikifika, kwenye magrupu yetu ya wauza vyakula linakuja swali lilelile: "Jamani unga wangu umeingia vidudu vidogo vyeupe, nifanyeje?" Majibu hayachelewi: "Chekecha, pakia upya, uza. Hawana madhara hao." Mi nasema hapana. Nilishafanya hivyo na nikaumia.

Nauza unga wa lishe na viungo hapa Dar, kwa stetasi na Instagram. Stoo yangu ni chumba cha nyuma, sakafu ya saruji, dirisha moja. Aprili ya mwaka juzi mvua zilikuwa haziachi. Nikafungua ndoo nikaona kama vumbi la unga pembeni, kumbe vumbi linatembea. Nilikuwa na kilo 12. Nikachekecha kwa chekeche laini, nikapakia upya, nikauza.

Wiki 3 baadaye mteja wangu, mama mwenye mtoto wa miezi 8, akanitumia video ya pakiti. Hakutukana. Aliuliza tu: "Dada, ulijua?" Nikamjibu, "Hapana, labda wameingilia kwako." Alisoma, hakujibu. Huyo mama ndiye aliyeniletea wateja wengine 5. Sikuwaona tena, wote. Wadudu sikuwaita mimi. Uongo nilisema mwenyewe.

Baada ya hapo nikaanza kusoma. Wadudu hawa Wazungu wanawaita chawa wa vitabu, ila sio chawa wa kweli. Hawaumi, hawanyonyi damu. Wana urefu wa milimita 1 hivi, wanakula ukungu, wanga na hata gundi ya vitabu na maboksi. Ndiyo maana utawakuta kwenye unga, kwenye madaftari ya zamani na kwenye kuta zenye unyevu.

Sasa sikiliza kwa nini kuchekecha hakusaidii. Aina inayosumbua sana majumbani, jike linazaa bila dume. Akibaki mmoja kwenye kona ya ndoo, anatosha kuanzisha ukoo mzima. Mayai yake ni madogo mno, yanapita kwenye chekeche na unga. Kwenye joto kama letu, ndani ya mwezi hivi umerudi palepale.

Lakini mi kinachonitisha zaidi sio mdudu, ni anachokuambia. Huyu anaishi kwa unyevu. Ukimwona, stoo yako au nafaka yako ina unyevu, na penye unyevu kuvu huota. Baadhi ya kuvu hutoa sumukuvu. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa sumukuvu ya kwenye mahindi. Sisemi kila unga wenye wadudu hawa una sumu. Nasema sumukuvu haionekani kwa macho, haitoki kwa kuchekecha, na kuchemsha uji hakuiondoi. Wewe na mimi hatuna maabara. Utamuuzia vipi mama wa mtoto kitu ambacho huna uhakika nacho?

Na wale wa "piga dawa": dawa ya kupuliza usiiweke karibu na chakula. Halafu ukiua wadudu ukaacha unyevu, watarudi tu.

Ninachofanya siku hizi:

1. Nafaka naipima kabla ya kusaga. Chupa ya kioo kavu, chumvi kavu, punje kidogo, funga, tikisa kwa dakika kadhaa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu umezidi asilimia 15. Hiyo inarudi juani kwenye turubai.
2. Mzigo haugusi sakafu wala ukuta. Nimeweka mbao chini, na nimeacha nafasi ya kupita mkono.
3. Maboksi nimeyatoa stoo. Yananyonya unyevu na yanawaficha. Natumia ndoo zenye mfuniko wa kubana.
4. Dirisha nafungua siku ya jua, nafunga siku ya mvua. Nimenunua kipima unyevu kidogo. Hewa ikikaa chini ya asilimia 60 kwa wiki kadhaa, wadudu hawa wanakauka wanakufa.
5. Masika nasaga kidogo kidogo. Kilichotangulia kuingia ndicho kinatangulia kutoka, na kila pakiti ina tarehe.

Najua utaniambia, "Dada, mtaji ni mdogo, nimwage kilo 12?" Nakuelewa, nami nilikuwa hapo. Tupige hesabu. Kilo 12 kwa bei yangu ya 4,000 ni 48,000. Mteja mmoja anayechukua kilo 2 kila mwezi anakuletea 96,000 kwa mwaka. Mimi niliokoa 48,000 nikapoteza wateja 6. Unga usio na harufu ya uvundo wala dalili ya kuvu wape kuku. Wenye kuvu mwaga, hata kuku usiwape.

Na mteja akikutumia video, usibishane naye. Hata kama wameingilia kwake, mwambie, "Pole dada, nakurudishia hela au nakuletea pakiti nyingine leo." Halafu nenda stoo ukaangalie ndoo zako. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Kwenye biashara ya mtandaoni mteja haoni duka lako wala stoo yako, ananunua neno lako tu.

Yule mama nilikuja kumwandikia baadaye, nikamwambia ukweli kwamba nilijua. Alijibu neno moja: "Asante." Hajanunua tena, na simlaumu.

Wewe ungefanyaje na zile kilo 12? Niambie kwenye komenti, ila sema ukweli.